Lehemu

Baba alikuwa fundi bomba mjini Jonquière,
mtu wa kulala chali chini ya sinki za watu,
tochi mdomoni, akinung'unika.
Lehemu aliiyeyusha kwa moto wa buluu,
ikazunguka shingo ya shaba, ikaganda,
na pale hapakuvuja tena maisha.

Hatukujua kwamba nyingine ilikuwa ikiganda ndani yake.

Alama zilikuwepo. Nani angezisoma?
Kano ya kisigino nene kama kamba ya kufungia farasi,
viatu vipya lazima avichane nyuma kwa kisu.
Vinundu vya manjano kwenye kope.
Pete ya kijivu kuzunguka mboni,
ambayo mama aliiita uzuri.

Alikufa ana miaka arobaini na moja, Februari,
koleo la theluji mkononi,
nusu ya njia imesafishwa.
Mpaka leo naikumbuka ile nusu nyingine.

Watu wakasema: ni siagi.
Ni zile pai za nyama zinazolala ndani ya oveni usiku kucha,
ni jibini aliyoitafuna garini kama karanga.
Mjomba Rosaire akasema ni moshi wa kiwanda cha alumini,
ingawa baba hakufanya kazi kule hata siku moja.

Mimi nikaapa. Nikala majani.
Nikakimbia kando ya mto, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nikakonda kama mpini wa ufagio.
Siagi nikiitazama dukani
kama muuaji aliyeachiwa kwa dhamana.

Na bado: nane nukta tatu.

Daktari Potvin aligeuza karatasi ikanielekea.
"Hukukosea," akasema. "Umerithi.
Ini lako lina milango michache. Lehemu inabisha hodi,
haifunguliwi, inarudi barabarani, inazurura,
mwisho inaegemea ukuta na kulala hapohapo."

Nilimwelewa. Sanduku la vifaa pia nililirithi.
Nimekata mabomba ya miaka hamsini,
nje yang'aa, ndani limebaki tundu la kupitisha penseli,
na mwenye nyumba anaapa
jana maji yalitoka vizuri tu.
Bomba halilii. Hiyo ndiyo hila yake.

Damu nzito kuliko maji, twasema,
twasema harusini, bilauri juu.
Ya kwetu ni nzito kweli. Imepimwa.

Sasa kuna kidonge cheupe kila usiku,
na kingine, kidogo zaidi,
na sindano ya tumbo kila baada ya wiki mbili,
inakaa ndani ya friji, jirani na haradali.
Mwezi wa kwanza mapaja yaliuma.
Sikuacha kimyakimya kama Rosaire. Nilipiga simu,
tukabadilisha dawa, yakatulia.
Bado nakimbia. Bado nala uji wa shayiri,
lakini si kwa toba.
Desemba nilikula pai ya mama, kipande kimoja,
nikalamba uma.

Mbili nukta moja.
Niliiandika kwa penseli juu ya mlango wa chumba cha chini,
pale baba alipoandika vipimo vyake.

Amebaki Élie. Miaka tisa.
Daktari alisema: ni sarafu iliyorushwa.
Jana alitoka kwenye barafu, akaketi ngazini,
nikamvua viatu vya kutelezea, soksi zimelowa,
na kidole gumba changu kikashuka nyuma ya kisigino chake
polepole, kama ninavyotafuta ufa kwenye kiungo.
"Unanitekenya," akasema.

Laini. Nyembamba.
Lakini hata ya baba, darasa la tatu,
bila shaka ilikuwa laini.

Majibu ni Alhamisi.
Akauliza kama sindano itauma, ikiwa ni yake.
Kidogo, nikasema, kama inzi weusi wa Juni.
Akafikiri.
"Na babu, yeye iliuma?"
Babu hakuchomwa, nikasema. Babu hakupimwa.

Nje theluji ilikuwa imeanza tena.
Tukachukua makoleo mawili.